Shajara ya kadi: miezi saba ya kutafuta marejesho mjini Houston

Jumamosi, 6 Januari 2024

Leo nimeanza rasmi, na wa kulaumiwa ni mdogo wangu wa Dallas. Alikuja kwetu mapumziko ya mwisho wa mwaka, akajinyoosha kwenye kochi langu na kunitangazia kwamba kadi yake ya mkopo ilimrudishia dola 700 mwaka jana, yaani yale marejesho ambayo benki hukupa kama asilimia ya ulichonunua. "Mia saba, dada, bila jasho." Mimi nina kadi moja ya mkopo, niliyopewa mwaka wa pili tangu nifike nchi hii, na kwa miaka sita haijanirudishia hata ndururu. Nimefuga mbuzi asiyetoa maziwa.

Aliniachia na jina: Blue Cash Preferred ya American Express. Inarudisha 6% ya manunuzi ya supamaketi hadi dola 6,000 kwa mwaka. Ukivuka hapo unapata 1%. "Na nyinyi mnavyokula," akasema huku akimtazama shemeji yake, "mtazimaliza hizo elfu sita kabla ya Julai."

Shemeji yake hakucheka. Msimamo wa Baba Salma naujua tangu tuko Tanga: kadi ni deni, deni lina riba, na riba haingii nyumbani kwake. Tumebishana siku tatu. Nilichomweleza ni kwamba ukilipa salio lote la taarifa ya mwezi kabla ya tarehe ya mwisho, manunuzi hayatozwi riba kabisa, na sheria ya mwaka 2009 inaitaka benki ikupe angalau siku 21 toka inapotuma taarifa hadi siku ya kulipa. Akaichukua taarifa yangu ya Desemba akaisoma mwanzo mwisho, pamoja na kile kisanduku kinacholazimishwa na sheria hiyohiyo, kinachokuonyesha utamaliza deni baada ya miaka mingapi ukilipa kile kiwango cha chini tu. Alikirudia mara mbili. Kisha akatoa hukumu: jaribu, lakini siku nikiona riba ya senti moja, naleta mkasi.

Kwa hiyo masharti ya mradi ni haya. Riba sifuri. Hakuna kununua kitu kwa sababu kinarudisha pesa. Na kadi mpya zisizidi mbili, kwa sababu najijua mimi ni nani: ninayesahau hata siku ya kutoa taka.

Jumapili, 14 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikipitia taarifa za akaunti za Oktoba, Novemba na Desemba. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Imekula jioni nne na uhusiano mzuri niliokuwa nao na kahawa.

Kabla ya kuanza niliandika kwenye karatasi ninavyodhani tunatumia: supamaketi dola 800 kwa mwezi, mafuta ya gari 150, kula nje 60. Mafuta nilikosea kwa sababu huwa najaza nusu tangi, nusu tangi, na nusu hazionekani. Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, na Houston si mji wa kuzunguka kwa miguu. Nikianza Alief asubuhi naweza kumaliza Pasadena jioni. Mafuta ni dola 260. Kula nje ni 190. Hapo nilinyamaza kidogo. Kumbe kati ya mgonjwa mmoja na mwingine napita kwenye dirisha la kuku na viazi mara tatu kwa wiki, na Baba Salma ana kahawa ya kila asubuhi aliyokuwa hajaitaja kwenye ndoa hii.

Vyakula nilikaribia, jumla 830. Ila tazama zilikokwenda: Costco, lile duka la jumla la wanachama, 340, supamaketi ya H-E-B 210, Walmart 150, na duka la Kiafrika tunaponunua unga wa ugali, nyama ya halali, mchicha na samaki wa kukausha, 130. Sikuona umuhimu wa mgawanyo huo leo, nikauandika tu.

Yaliyobaki: umeme na maji 180 (hii ni miezi ya baridi, Agosti tutalia), simu na intaneti 165, bima ya magari 240, tozo za barabara 45, filamu na katuni za mtandaoni 30, na kapu la mengineyo, yaani dawa, nguo na vitu vya Amazon, 270. Jumla inayoweza kupita kwenye kadi ni dola 2,210 kwa mwezi.

Na isiyoweza: kodi ya nyumba 1,650, mkopo wa gari 410, pesa ya kutuma nyumbani 350. Kodi mwenye nyumba anaipokea kwa kadi, lakini mtandao wake unaongeza ada ya 2.9%, yaani dola 47.85, ili kadi ya 2% inirudishie 33. Hilo limeisha. Suala la pesa ya nyumbani bado nalifikiria.

Jumamosi, 20 Januari

Leo nimejifunza neno moja lililobomoa mpango mzima wa mdogo wangu: msimbo.

Kila biashara inayopokea kadi imepewa namba ya tarakimu nne inayoitambulisha ni biashara ya aina gani. Supamaketi ni 5411. Duka la jumla la wanachama ni 5300. Pampu ya mafuta unayojihudumia ni 5542, chakula cha haraka ni 5814, huduma ya kutuma pesa ni 4829. Benki haijui kama umenunua mchele au matairi. Inachoona ni namba ya aliyekuuzia. Ukinunua mchele Costco, machoni pa benki hujanunua chakula.

Na kwenye masharti ya American Express imeandikwa wazi kwamba supamaketi si maduka makubwa ya kila kitu kama Walmart, wala si maduka ya jumla. Mbaya zaidi, Costco za Marekani hazipokei American Express tangu Juni 2016, walipohamia Visa. Kwa hiyo kati ya dola 830 zangu za chakula, 6% inagusa 210 za H-E-B peke yake.

Duka la Kiafrika nilikuwa na matumaini nalo. Nimetazama kwenye taarifa: limeandikwa mgahawa! Nadhani ni kwa sababu ya lile jiko la nyuma wanakouza sambusa na mishkaki. Miaka yote hii nimekuwa nikinunua dagaa mgahawani.

Jumapili, 28 Januari

Siku ya hesabu. Baba Salma kakaa pembeni na kikokotoo cha simu, akinihakiki kama karani wa mnada.

Tulianza na kadi ya mdogo wangu, tukijaalia kila kitu kinapita humo isipokuwa Costco. H-E-B 210 kwa 6% ni dola 12.60. Filamu za mtandaoni nazo ni 6%: 1.80. Mafuta 3%: 7.80. Tozo za barabara wanazihesabu kama usafiri, 3%: 1.35. Zinazobaki, dola 1,325, ni kwa 1%: 13.25. Jumla 36.80 kwa mwezi, 441.60 kwa mwaka. Toa ada ya mwaka, dola 95: zinabaki 346.60. Mwaka wa kwanza ada hiyo inasamehewa, na ndipo watu wengi wanaponaswa, maana wanapiga hesabu ya fungate.

Kisha tukachukua kadi isiyo na mbwembwe, ya 2% kwa kila kitu, isiyo na ada. Dola 2,210 mara 12 ni 26,520. Asilimia mbili yake ni 530.40.

Baba Salma akarudia hesabu akidhani amekosea. Hakukosea. Kadi iliyoandikwa 6% kwa herufi kubwa inashindwa na kadi ya 2% kwa karibu dola 184, katika nyumba yetu. Si kwamba mdogo wangu ni mwongo. Yeye hana uanachama wa Costco, haendi Walmart, kila kitu ananunua supamaketi moja karibu na kwake, na zile 6,000 anazimaliza kweli. Kwake 6% ni dola 360 hata kabla hajanunua lita ya mafuta. Kadi yake ni nzuri kwa maisha yake.

Tukajaribu kuzichanganya: mambo yake manne yapite kwenye Blue Cash Preferred, mengine kwenye 2%. Faida juu ya kutumia 2% peke yake: dola 56.80 kwa mwaka. Halafu tukajaribu ndugu yake mdogo, Blue Cash Everyday, isiyo na ada, inayotoa 3% supamaketi na 3% mafuta. Faida: dola 56.40. Ule ukubwa wote wa 6% na ada ya 95 unanipa senti 40 zaidi. Tulicheka mpaka Salma akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kadi za 2% zinazojulikana zaidi ni mbili: Double Cash ya Citi, inayotoa 1% ukinunua na 1% ukilipa, na Active Cash ya Wells Fargo, inayotoa 2% moja kwa moja. Ya Citi ni Mastercard, kwa hiyo mlangoni Costco inabaki kwenye pochi. Ya Wells Fargo ni Visa. Uamuzi ukawa mwepesi.

Jumapili, 11 Februari

Nilikuwa sitaki kuandika leo, lakini shajara ya mafanikio peke yake ni tangazo.

Pesa ya nyumbani ilikuwa inanikereketa. Dola 350 kila mwezi ni 4,200 kwa mwaka. 2% yake ni dola 84. Nikajiuliza, je, programu ya kutuma pesa ikikubali kadi ya mkopo? Tarehe 1 wifi alipiga simu, ada ya shule ya watoto imefika. Badala ya kutumia kadi yangu ya kawaida ya benki, inayokata pesa zangu mwenyewe kwenye akaunti, nikaweka ile ya mkopo ya zamani, kujaribu tu. Ikakubali. Pesa zikaingia M-Pesa ya wifi kabla sijaweka simu mezani. Nikajiona nimevumbua kitu.

Juzi nimefungua akaunti. Benki, ambayo sitaitaja, imeyahesabu malipo yale kuwa nimechukua fedha taslimu kwa mkopo. Ada: 5%, dola 17.50. Na kwa fedha taslimu hakuna zile siku za kusubiri: riba inaanza kuhesabiwa siku ileile, kwa 29.99% kwa mwaka. Kwa siku tisa, dola 2.59. Jumla dola 20.09. Ili kuzirudisha kwa kadi ya 2%, itabidi nitumie zaidi ya dola elfu moja. Na pesa kama hizo hazipati marejesho kwa kadi yoyote, kwa hiyo hata lengo lenyewe la jaribio lilikuwa hewa. Lile onyo lilikuwemo kwenye masharti. Sikulisoma kwa sababu nilikuwa najiona mjanja.

Sasa kumweleza Baba Salma. Senti moja, alisema. Mimi nimeleta 259.

Nilimwambia wakati anakula. Hakuleta mkasi. Aliuliza kama deni limeshalipwa, nikasema limelipwa. Akauliza kama itatokea tena, nikasema nimeshaiondoa kadi ile kwenye programu. Akaendelea kula. Baadaye nikaona kwenye friji kibandiko kwa mwandiko wake: 2.59. Kipo mpaka leo na hakuna anayekigusa.

Jumamosi, 24 Februari

Nimekwenda dukani kwa mzee wetu, ambaye Waswahili wote wa huku tunamwita Ami, na kwa kuwa hapakuwa na foleni nikamsimulia mradi wangu. Nilitaka anisifu. Akaniuliza: "Na hizo pesa unazorudishiwa, mwanangu, unadhani zinatoka kwa nani?"

Nilijua kwa kusoma, ila kusoma ni kitu kingine na kuambiwa na mtu uliyemshikia kadi ni kingine. Ukilipa dola 100 kwa kadi ya mkopo, yeye anabaki na 97 hivi. Sehemu kubwa ya hizo zilizokatwa inakwenda kwa benki iliyokupa kadi, na humo ndimo benki inamochota 2% yako. Nyingine inachota kwa wale wanaolipa riba. Kwa kadi ya kawaida ya benki mambo ni tofauti: tangu 2011 benki kubwa zimewekewa kikomo, senti 21 na 0.05% ya malipo, kwa hiyo kwenye dola 100 wanakata kama senti 26. Ndiyo maana kadi za kawaida ziliacha karibu zote kurudisha pesa. Hakuna cha kugawana.

Tanga nilicheza upatu miaka minne. Kumi na wawili tunatoa, mmoja anapokea, na mwisho wa mwaka kila mtu kapata alichotoa, hakuna senti iliyozaliwa humo. Kwenye mchezo huu wa kadi kuna mtu anatoa asipokee, na leo nimemwona uso kwa uso, kavaa kofia ya kiua.

Kwa hiyo zile dola 130 za dukani kwake nazitoa kwenye mradi. Nitamlipa taslimu. Najua, limeandikwa mgahawa, kuna kadi ingenipa 3% hapo, dola 46.80 kwa mwaka. Aliponiona natoa noti aliongeza fungu la mchicha na ndimu nne. Sikuziingiza kwenye jedwali.

Alhamisi, 7 Machi

Kadi ya Wells Fargo imefika. Niliomba baada ya kupima kwanza, kwa kile kipimo kisichogusa alama za mkopo (ile namba inayowaonyesha wakopeshaji unavyoaminika), kama ningekubaliwa. Ombi lenyewe lilizigusa: 748 zimekuwa 741. Zitarudi.

Kuna zawadi ya kujiunga: tumia dola 500 ndani ya miezi mitatu, upate 200. Kwetu ni bima na wiki mbili za maisha, hakuna kununua televisheni. Nimeweka malipo ya kujilipa yenyewe kila mwezi. Machaguo ni kadhaa. Lile la kiwango cha chini nimelipita kama mtu anavyolipita jalala, nikachagua salio lote la taarifa. Nimemwonyesha Baba Salma kwa macho yake.

Jumapili, 14 Aprili

Idi ilikuwa Jumatano, sasa ndiyo napata nafasi ya kutazama mwezi wa Ramadhani ulifanya nini.

Umevuruga kila kitu. Kula nje kumeshuka kutoka 190 hadi 40, na hizo 40 ni usiku mmoja baada ya tarawehe. Costco imepanda hadi 515: tende, maziwa, kuku, mafuta ya kukaangia, na wageni wa futari wasiopungua sita kila Jumamosi. H-E-B 290. Kwa Ami sijui, maana ni taslimu, lakini mbaazi na nazi za watu wote hao hazikushuka kutoka mbinguni. Miezi mitatu ya Oktoba hadi Desemba haikuwa na Ramadhani, haikuwa na joto la Agosti, haikuwa na sare za shule. Nilipima kisima wakati wa masika.

Hata hivyo uamuzi wa kadi ya pili umesimama. Ni Costco Anywhere Visa ya Citi, na nimeshaiomba. Haina ada yake yenyewe, ila lazima uwe mwanachama, na uanachama tunaulipia tayari. Inarudisha 4% ya mafuta hadi dola 7,000 kwa mwaka, 3% migahawani na kwenye safari, 2% Costco yenyewe, na 1% kwingineko.

Kilichonichukua muda kukielewa ni hiki: dukani Costco kadi hiyo inanipa 2%, sawasawa na niliyonayo. Naichukua kwa ajili ya mafuta. Na si lazima yawe mafuta ya pampu za Costco, zenye foleni ya kufungia ndoa. Hata vituo vya kawaida vya mafuta njiani vinakubalika. Mafuta yananiongezea dola 5.20 kwa mwezi, migahawa 1.90. Jumla 85.20 kwa mwaka, zaidi ya kadi zote mbili za American Express tulizopima. Ubaya wake ni kwamba marejesho yanatolewa mara moja kwa mwaka, na taarifa ya Februari, na unayachukulia Costco. Mtu mwenye haraka asiichukue.

Uzuri mwingine haumo kwenye jedwali: haitozi ada ya matumizi nje ya Marekani, wakati ile ya Wells Fargo inatoza 3%. Tukijaaliwa kwenda nyumbani, hoteli ya Dar italipwa kwa hii. Tanga italipwa kwa noti na M-Pesa kama kawaida.

Jumatano, 29 Mei

Mambo madogo.

Nimebandika karatasi kwenye kadi. Moja imeandikwa MAFUTA NA KULA, nyingine YOTE. Baba Salma mwezi huu amelipia bima kwa ile ya MAFUTA NA KULA, ikarudisha 1% badala ya 2%. Hasara dola 2.40. Ametazama friji bila kusema kitu.

Mdogo wangu anasukuma kadi ya Discover. Kadi hiyo kampuni ya maduka ya Sears iliizindua mwaka 1986 na ndiyo iliyowazoesha Wamarekani kurudishiwa pesa, kwa hiyo heshima yake naitambua. Ya sasa inatoa 5% kwenye makundi yanayobadilika kila robo ya mwaka, mwisho dola 1,500 kwa robo, na lazima ujiandikishe upya kila robo. Nimekataa kwa sababu ya hilo neno upya. Iliyonitia tamaa kweli ni Cash+ ya U.S. Bank: 5% kwenye makundi mawili unayochagua mwenyewe, na umeme na maji ni mojawapo, intaneti na filamu ni jingine. Kwetu ingeongeza dola 99 kwa mwaka juu ya 2%. Nayo inataka uchague kila robo, na ingekuwa kadi ya tatu. Hesabu inasema ndiyo. Siku za kutoa taka zinasema hapana.

Jambo moja halinifurahishi. Kula nje kumefika 240. Nimejichunguza, na ukweli ni kwamba mara mbili tatu nimesema moyoni "si inarudisha 3%". Dola 50 za ziada ili nipate 1.50! Sharti namba mbili nimelivunja bila kujua. Juni nabeba chakula kutoka nyumbani.

Jumapili, 14 Julai

Umeme umerudi jana.

Kimbunga Beryl kiliingia pwani ya Texas alfajiri ya Jumatatu tarehe 8, na kabla ya adhuhuri wateja zaidi ya milioni mbili wa umeme eneo la Houston walikuwa gizani. Sisi siku tano na nusu. Joto lile silielezi. Friji tuliifungua siku ya pili, tukapika kilichokuwemo uani kwenye jiko la mkaa pamoja na jirani wa Honduras, ikawa karamu ya huzuni.

Ninachotaka kuandika hapa ni kuhusu kadi, kwa kuwa ni shajara yake. Jumanne nilizunguka na kadi mbili zenye vibandiko, 4% hapa, 2% pale, na hazikuwa na kazi. Kituo cha kwanza hakina umeme. Cha pili kina jenereta lakini mashine ya kadi haipati mtandao: taslimu tu. Kwenye pochi nilikuwa na dola 11. Mashine za kutolea pesa karibu nasi zimezimika. Na wagonjwa wangu wawili wanatumia oksijeni, siwezi kukaa nyumbani.

Nikaenda kwa Ami. Jenereta yake inanguruma nyuma, mlango wazi, karatasi imebandikwa: taslimu. Nikamwambia ninazo 11. Akachukua daftari, lile la kurasa za mistari kama la maduka ya Ngamiani kule Tanga, akaandika jina la Mama Salma, maji, mkate, mishumaa, maziwa ya kopo. Halafu akafungua droo akanipa dola 40 za mafuta, akaziandika nazo. Hakuuliza alama zangu za mkopo ni ngapi.

Leo asubuhi nimekwenda kumlipa. Amekata mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 3 Agosti

Hesabu hadi mwisho wa Julai.

Active Cash: marejesho dola 151.37, pamoja na zawadi ya kujiunga 200. Costco Visa: 84.62, zinazosubiri Februari. Toa 20.09 za ujanja wangu wa Februari. Jumla 415.90. Bila ile zawadi, ambayo haitarudi tena, ni 215.90. Makadirio yetu kwa mwaka mzima, baada ya kutoa dola za kwa Ami, yalikuwa 584.40. Hiyo hatuko mbali nayo, ila 700 za mdogo wangu sizioni, na simsubirii.

Alama za mkopo ni 756. Riba tangu Februari: sifuri. Kula nje mwezi wa Julai siuhesabu, ulikuwa mwezi wa kimbunga.

Mabadiliko mawili. Kwanza, dola 300 za taslimu zimewekwa kwenye bahasha, kwenye kabati la nguo, na Baba Salma ndiye mwenye ufunguo. Pili, ameomba kadi yenye jina lake kwenye akaunti ya Wells Fargo, kwa ajili ya ile kahawa. Nimemwambia kahawa ni ya kadi nyingine, 3%. Akasema basi nimwandikie karatasi mpya, ile ya zamani wino umefutika.

Wifi alipiga jana usiku. Nilimweleza mradi wote, akasikiliza vizuri, kisha akauliza: "Kwa hiyo huko benki zinawapa pesa kwa sababu mmetumia pesa?" Nikasema kwa kifupi ndiyo. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi wifi, wewe tumia, mimi nitakusaidia kutumia."

Karatasi ya Baba Salma nimeiandika kwa kalamu isiyofutika.